Kimya cha Tshiamala

Wimbo ulianza kusikika upande wa duka la mkate, na Ernestine aliutambua kabla mumewe hajainua kichwa. Alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akapunguza nguvu ya mchi, akatwanga polepole, mwisho akaacha kabisa.

Tshiamala alikuwa ameketi mlangoni anashona kiatu cha shule cha binti yao Mignonne. Tangu asimamishwe kazi karakana ya mgodi, yeye na mafundi wengine wote wenye asili ya Kasai, viatu ndivyo vilivyokuwa kazi yake. Naye akasikia. Vijana wa chama, kile kilichotaka Wakasai waondoke Katanga, walikuwa wanashuka barabara ya kambi ya wafanyakazi, na walichokuwa wanaimba ni wimbo wake wa Pasaka, alioutungia kwaya ya parokia kwa mkono wake mwenyewe.

"Mlango uko wazi," waliimba, sawasawa na alivyotunga. Kisha wote wakanyamaza kwa pamoja, sawasawa na alivyotunga. Halafu sauti nzito zikaingia peke yake. Hapo kwaya ilikuwa ikiimba "aliyelala ametoka". Vijana waliimba "Mukasai, toka".

Mawe yakaanza kulia juu ya bati la nyumba ya ng'ambo, kwa jirani yao mzee, tata Mbuyi, na mkewe mama Kapinga. Vioo vikaanguka. Mbele ya vijana alikuwa Kabemba, mdogo wake Ernestine, amevaa kofia ngumu ya mgodini ingawa hajafanya kazi mgodini hata siku moja. Alipofika mbele ya nyumba ya dada yake aliinua mkono juu. Wimbo ukapita, mawe yakapita, wakaenda kuanza upya nyumba ya tatu.

Vumbi lilipotulia mama Kapinga alitoka nje na kipande cha kioo ndani ya kitenge. Alitazama madirisha ya jirani zake, moja baada ya jingine.

"Mama Mignonne," alisema kwa sauti ya kawaida tu, "madirisha yenu iko nzima."

"Iko nzima, mama."

"Mungu ni mukubwa," Kapinga alisema, akarudi ndani. Ernestine alikuwa amemjua mwanamke yule tangu aolewe, na hakuwahi kumsikia akimtaja Mungu kwa ubaridi vile.

Kolwezi nzima, mji ule wa migodi, ilikuwa inajua nyimbo za Tshiamala, na waliokuwa na masikio waliweza kuyasoma maisha yake humo kama mtu anavyosoma kiganja. Enzi zile kila mfanyakazi alipolazimishwa kucheza ngoma ya kuisifu serikali uwanjani, yeye akiwa mmoja wa waliolazimishwa kutunga, nyimbo zake za kanisa zilikuwa fupi na hazikuwa na ngoma wala makofi. Padri alidhani ni unyenyekevu, kumbe mtu alikuwa amechoka kupiga makofi. Bei ya shaba ilipoanza kuporomoka na mishahara ikawa inakuja ikijisikia, sauti nzito zilishuka chini hadi waimbaji wakalalamika kwamba mwalimu anawachimbisha.

Lakini kimya kilikuwepo toka mwanzo. Katika kila wimbo wake kulikuwa na mahali ambapo sauti zote hukatika, na si kwa kuvuta pumzi tu. Tshiamala alizaliwa Mutoshi, kwenye kambi ya mgodi. King'ora kilipolia nje ya saa ya zamu, wanawake wote walisimama walipo, na miko mikononi, wakingoja king'ora cha pili kiwaambie kama kuna maiti chini. Yeye alikuwa mtoto ameshika sketi ya mama yake. Wakati ule wa kungoja, na urefu wake, ndio aliouweka kwenye nyimbo. Jambo hilo hakumwambia mtu, isipokuwa Ernestine, na hata yeye alimwambia mara moja tu.

Wiki ile ile alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya kama kawaida. Barnabé Nkulu, naibu wake, alikuwa ameketi kwenye kinanda. Zamani mwalimu akiingia, aliyeketi pale husimama hata kama ameshika noti. Barnabé hakusimama.

"Maître," alisema, kama walivyozoea kumwita mwalimu, "kwaya inasema upumzike kiloko, kidogo tu."

"Kwaya ilisema lini? Mi sikuitwa."

"Tulikutana tu hivi."

Waimbaji waliangalia vitabu vyao. Wengine walikuwa wamevishika juu chini. Tshiamala alisimama katikati ya benchi, mahali pasipo pa mwalimu wala pa mwimbaji.

"Barnabé, ni we ulibapa bale bijana wimbo yangu?"

Barnabé alicheka kidogo, halafu akaona kwamba ametukanwa, akakasirika. Aliweka vidole kwenye kinanda, akaashiria, na kwaya ikaimba: "Mlango uko wazi." Wakanyamaza. Sauti nzito zikaingia, na zikaingia mapema, kama zilivyokuwa zikiingia mapema miaka yote.

"Umesikia?" Barnabé alisema. "Kila siku unatugombeza pale. Ile kimya yako hatuiwezi, tunaogopa, tunaingia mbio. Na bale batoto ba barabara banaipata kabisa. Mi mwenyewe siiwezi, nitabafundisha namna gani?"

Tshiamala aligeuka kutafuta kofia yake.

"Mi sisemi kitu," Barnabé aliendelea, na sasa alikuwa anafurahia. "Nasema tu, mwenye aliwafundisha anaishi na ile wimbo. Kikulacho ki nguoni mwako, maître. Ni mambo ya bakubwa balisema."

Njiani kurudi nyumbani Tshiamala aliuimba wimbo kichwani, mara ya kwaya, mara ya vijana. Barnabé alikuwa mnafiki lakini sikio lake lilikuwa zima. Kimya cha vijana kilikuwa na urefu wenyewe. Na mahali pamoja tu katika mji mzima ndipo kimya kile kilipoimbwa kwa urefu wake wenyewe: jikoni kwake, Ernestine akikoroga ugali wa bukari na Mignonne akimwitikia.

Alianza kumsikiliza mkewe kama fundi anavyosikiliza injini. Akitoka kwenda bombani, alisikiliza anarudi na nani. Akizungumza na mtu penye ukuta wa ua, Tshiamala aliacha kushona apate kusikia. Naye Ernestine alikuwa na yake. Mumewe alikuwa akienda stesheni karibu kila siku, mahali ambapo Wakasai waliofukuzwa walikuwa wanalala chini wakingoja gari-moshi, na akirudi hasemi ameongea na nani. Alimwona ameficha shati lake jipya ndani ya mfuko. Akahesabu moyoni kwamba siku moja atarudi kutoka sokoni akute kiti kitupu.

Walikula chungu kimoja, wakalala kitanda kimoja, na kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake asimkimbie au asimuuze. Mignonne, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na hakuwa mjinga, aliacha kuimba jikoni.

Kabemba alikuja Jumapili, mchana, wakati wa kula, kama ilivyokuwa desturi yake hata kabla ya mambo haya. Alinawa, akaketi, akamega bukari kubwa.

"Shemeki," alisema, "niliona afazali usikie kwangu mbele ya kusikia kwa bengine. Hii nyumba iko na mutu."

"Mutu gani?"

"Barnabé Nkulu. Balishamupa. Eko na batoto mingi, na kule anakaa kunavuja."

Tshiamala aliinama kwenye sahani. Aliyeongea ni Ernestine.

"Kabemba, uliniambia nini?"

"Nilikuambia nini?"

"Ulisema kama mi nafanya vile, nyumba haitaguswa."

"Na haikuguswa. Uliona hata jiwe moja?" Kabemba alichovya bukari kwenye sombe. "Mi sikudanganya mutu. Wimbo ni wimbo, nyumba ni nyumba. Nyumba ni ya kampuni."

Basi likawa limesemwa, mezani, mbele ya mtoto, na Kabemba aliyelisema hakujua hata amesema nini. Tshiamala aliendelea kula. Alitafuna vizuri, akameza. Ernestine hakuthubutu kumtazama.

"Dada, we unabaki," Kabemba alisema. "Na mutoto pia. Mama eko Lubudi, anabangojea. We ni wa kwetu. Yeye tu njo anaenda, na hakuna mutu atamupiga, nilishasema nabo."

Ernestine alinyoosha mkono akaliondoa bakuli la sombe mbele ya mdogo wake, huku tonge lake likiwa limesimama hewani.

"Umeshiba," alimwambia.

Kwa watu wa kaskazini ya Katanga, dada kumnyang'anya ndugu yake chakula mbele ya mume si jambo la kusahaulika. Kabemba alisimama, akavaa kofia yake ngumu, akaondoka bila kunawa. Ernestine alikaa akingoja mumewe aulize. Kama angeuliza, angemwambia yote: kwamba alikuwa na hofu, kwamba alifikiri nyumba ambayo wimbo wake unaimbwa haipigwi mawe, kwamba maneno yale mabaya hakuyatia yeye, yeye alifundisha sauti tu. Tshiamala alichukua kiatu cha Mignonne akamaliza kukishona.

Asubuhi Ernestine alianza kufunga vitu.

"Unafunga bya nani?" mumewe aliuliza.

"Byetu."

"Ndugu yako alisema unabaki."

"Nilimusikia."

Tshiamala alipaswa kufurahi. Badala yake alijiuliza kama mkewe anakwenda naye kwa mapenzi, au anakwenda ili amchunge asije akamtaja mbele ya watu. Shaka ikishaingia ndani ya nyumba, hata wema huombwa kitambulisho.

Stesheni ilikuwa imejaa watu na makochi. Familia zilikuwa zimejenga vibanda kwa mashuka na magodoro, na kila kibanda kilikuwa na kabati, kwa sababu mtu akifukuzwa huchukua kwanza kitu kisichobebeka. Gari-moshi lilikuwa halina siku. Lilikuja lilipotaka, likachukua waliobahatika, wengine wakabaki na mvua. Wengi wao walikuwa hawajaiona Kasai waliyoambiwa ni kwao. "Mi nilizaliwa Kisenge," mama Kapinga alikuwa akimwambia kila askari, "kule kwa mugodi ya manganèse, hapa hapa Katanga. Munanirudisha wapi?" Askari wengine waliona haya.

Familia ya Tshiamala ilipofika na mizigo yake, watu walisogea. Hawakusogea kuwapisha. Walisogea kama mtu anavyosogeza mguu asikanyagwe. Wimbo ulikuwa umewapiga wote wakiwa njiani kuja hapa, na hakuna Mkasai wa Kolwezi ambaye hakuitambua kazi ya mwalimu. Halafu kulikuwa na ile habari ya madirisha.

Tata Mbuyi alifia pale, kwa kuhara na homa, juu ya godoro lake mwenyewe. Kolwezi mtu haendi kaburini bila kwaya, hata mlevi, hata mwizi; usiposikika wimbo watu huuliza marehemu alifanya nini. Tshiamala alikwenda kwa mjane, akavua kofia.

"Mama, nitamuimbia tata."

Kapinga alifunika uso wa marehemu kwa kitenge. "Utamuimbia ile ingine?" aliuliza. "Ile ya kumutoa kwa nyumba?"

Mbuyi alizikwa na maneno ya katekista tu. Waliokwenda walisema njia ilikuwa ndefu sana kwa sababu ya kukosa wimbo. Tshiamala alibaki kwenye kibanda, amegeukia kabati.

Siku gari-moshi liliposemekana linakuja, tata Badibanga alimwita. Huyu alikuwa karani mstaafu, mtu wa haki na wa maneno machache, na ndiye aliyekuwa akipanga nani apande behewa gani. Alikuwa ameketi juu ya kreti la bia na wazee wengine wamemzunguka. Kapinga alikuwepo. Ernestine alisimama nyuma ya mumewe na kitenge kimefungwa mdomoni, kwa sababu ya harufu, alisema.

"Tshiamala, batu banasema," Badibanga alianza. "Mi sipendi bya kusikia kwa pembeni. Ile wimbo, ni nani aliwapa bale bijana?"

Tshiamala alijua hesabu ya jibu lake. Mwanamke wa Katanga, dada wa Kabemba, aliyewapa wafukuzaji wimbo wao: asingepanda behewa lile, na kama angepanda, asingefika. Na yeye bado alikuwa na hasira naye. Tangu ile Jumapili hakuwa amemwita kwa jina. Alipofungua mdomo hakuwa na hakika atasema nini, na mkewe nyuma yake pia hakuwa na hakika.

"Ni mi," alisema.

"We mwenyewe?"

"Mi mwenyewe. Niliogopa."

Mzee mmoja alitema mate chini. Badibanga alifikiri, akitazama reli.

"Mutoto wetu hata akikosa ni mutoto wetu," alisema mwishoni. "Utapanda. Utakaa kwa mulango, kwenye upepo. Lakini hautaimba. Wala njiani, wala kule tunaenda. Tusisikie tena sauti yako."

"Nimesikia, tata."

Ernestine alimshika mumewe mkono. Tshiamala aliuacha mkono wake ushikwe, lakini hakukunja vidole kumshika.

Behewa lilikuwa la mizigo, lililobeba madini kabla ya kubeba watu. Walikaa mlangoni, Mignonne katikati ya wazazi wake, upepo na vumbi vikiwapiga. Hakuna aliyewapa maji wala kuwaomba. Stesheni ya Tenke ilipita. Mama Kapinga alikuwa amekaa karibu nao, kwani ndipo palipobakia nafasi, na alikuwa amewapa mgongo wake wote.

Lubudi gari-moshi lilisimama. Ernestine aliona paa la nyumba ya mama yake nyuma ya ghala la mahindi, na mlango wa behewa ulikuwa wazi mbele yake. Ilikuwa hatua chache tu. Tshiamala alimwona anavyotazama. Akajiambia, haya, ndipo hapa atakaponiacha.

Jukwaani kulikuwa na watu, vijana na wanawake wenye vikapu, waliokuja kutazama Wakasai wakipita. Mmoja akaanza, wengine wakadaka. Wimbo ulikuwa umefika Lubudi kabla yao.

"Mlango uko wazi," waliimba.

Kikaja kimya. Ndani ya behewa watu waliinamisha vichwa kungoja kilichokuwa kinafuata. Katika kimya kile, chenye urefu wake wote, Ernestine alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Ni mi njo nilibafundisha. Yeye anadanganya juu yangu."

"Mukasai, toka," vijana walijibu nje.

Vichwa viliinuka. Tshiamala alitaka kumziba mdomo, lakini Mignonne alikuwa katikati yao. Ernestine alikuwa amesimama sasa, ameshika ukingo wa mlango, na ilikuwa vigumu kujua kama anajiandaa kushuka au kusukumwa.

"Ndugu yangu aliniambia nyumba haitapigwa," alisema. "Nilimwimbia mara mbili, mara tatu, jikoni. Nilimwambia pale anyamaze mpaka wapi. Tata Badibanga, bwana yangu hakujua. Kama ni kushuka, nitashuka. Hapa ni kwetu. Lakini yeye mumwache aimbe."

Badibanga, aliyepanda behewa lilelile, alikunjua orodha yake ya waliopanda, akaikunja tena. Wazee wa haki pia hufika mahali haki ikawaishia. Aliyegeuka ni mama Kapinga.

"Nyumba yenu haikupigwa," alisema.

"Haikupigwa, mama."

"Yetu ilipigwa."

"Ndiyo, mama."

"Na mutu yangu alienda kwa shimo kama imbwa, bila wimbo."

Ernestine aliushika ukingo wa mlango kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Gari-moshi likashtuka, mabehewa yakagongana moja baada ya jingine, na reli zikaanza kusogea taratibu chini ya mlango. Paa la mama yake likawa linarudi nyuma. Bado angeweza kuruka.

"Kaa chini, utaanguka," Kapinga alisema. "Mi sijakusamehe. Mulimunyima mutu yangu wimbo, mutamupa wimbo. We njo utaanza. Maneno yake yenyewe."

Ernestine alikaa. Alimtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili mumewe akamtazama. Akaanza kwa sauti iliyokauka kwa vumbi: "Mlango uko wazi." Mignonne akamwitikia. Walipofika pale pa kunyamaza wote wawili walinyamaza, kama walivyofundishwa, na magurudumu yakasikika.

"Hapana," mama Kapinga alisema kwa ukali. "Pale musinyamaze. Pale njo bale bijana banaingiaka na neno yabo."

Ernestine akarudia mstari. Na Tshiamala, ambaye alikuwa amegombana na mapadri wawili na kwaya nzima kwa ajili ya kimya kile, hakungoja neno la mkewe liishe. Aliingia juu yake na sauti yake nzito, "aliyelala ametoka", na Badibanga hakumkataza, na watu wa ndani zaidi ya behewa wakaanza kushika sauti zao, mmoja mmoja, bila kuwatazama.

Tshiamala aliishi miaka mingi Mwene-Ditu, kule Kasai, na alitunga nyimbo nyingi. Kwaya za kule huzipenda, ila hulalamika kwamba mwalimu yule kutoka Kolwezi hakuacha mahali pa kuvuta pumzi.